Mmekula? Maisha Yetu kwa Majirani Wachina

(Haya ni mazungumzo ya mume na mke, wenyeji wa Mnyambe, waliyoyatoa mbele ya wahitimu wa madarasa ya kisomo cha watu wazima hapa kijijini. Waliishi katika mji wa Guangzhou, Uchina, tangu 2017 hadi 2020.)

  

Mmetuita tuwaeleze maisha ya Uchina. Tangu turudi, kila tunapopita tunaulizwa maswali yale yale. Eti ni kweli Wachina wanakula nyoka? Eti Wakristo wako kule? Eti mliishije miaka mitatu bila ugali? Leo tutajibu. Lakini tunaomba kusema jambo moja kwanza. Sisi hatuijui Uchina yote. Nchi ile ni kubwa mno. Tuliishi katika jengo moja, ngazi ya sita, mlango wa kushoto. Basi tutawaambia habari za mlango ule, na habari za mlango wa pili, alikokaa jirani yetu.

Habari ya nyoka tuimalize mapema. Watu wa sehemu zile walikuwa na supu ya nyoka tangu zamani. Lakini sisi hatukuiona hata siku moja katika meza ya jirani. Na sisi watu wa kusini, tukienda Dar es Salaam tunataniwa kwamba tunakula panya. Kila watu wana kitoweo chao. Tuendelee.

TULIVYOKUWA WATU WASIOJUA KUSOMA

Guangzhou ni mji wa kusini mwa Uchina, kando ya Mto Lulu. Ni mji wa biashara tangu kale. Katika hesabu ya watu ya 2020 walionekana watu zaidi ya milioni 18. Baba wa nyumba alikuwa amepata nafasi ya kusoma masomo ya kilimo katika chuo kimoja cha huko. Alitangulia mwaka mmoja kujifunza lugha. Mama alifuata mwaka 2017, pamoja na binti yetu, aliyekuwa na miaka mitatu.

Siku ya kwanza tulikwenda polisi kuandikishwa. Sheria ya kule inataka mgeni anayekaa katika nyumba ya watu aandikishwe ndani ya saa 24. Hilo halikutushangaza. Hata hapa kwetu zamani mgeni alipelekwa kwanza kwa balozi wa nyumba kumi.

Lililotushangaza ni jingine. Mama wa nyumba amemaliza sekondari. Hapa kijijini ndiye aliyekuwa akiwasomea watu barua zao. Kumbe kule alikuwa hajui kusoma hata neno moja! Alisimama dukani mbele ya mifuko mitatu yenye unga mweupe. Mmoja ni chumvi, mmoja ni sukari, mmoja ni unga wa kukoleza mchuzi. Upi ni upi? Alichukua mmoja kwa kubahatisha. Siku ile tulikula wali uliopikwa kwa sukari.

Ndugu zetu mliohitimu kisomo, ninyi mnaijua hali hiyo. Mtu mzima anasimama mbele ya kibao, macho anayo, lakini haoni kitu. Anaona haya kuuliza. Anajifanya amesahau miwani. Sisi tuliyafanya hayo yote.

Sisi tuna herufi zisizofika 30, na ukizijua unasoma neno lolote. Wachina hawana herufi kama zetu. Kila neno, au sehemu ya neno, ina alama yake. Kwa kanuni za Serikali ya Uchina za mwaka 1988, mkulima akijua alama 1,500 ndipo anahesabiwa kuwa anajua kusoma. Mfanyakazi, au mtu wa mjini, anatakiwa ajue alama 2,000. Basi mama akaanza. Kila siku alama tatu. Aliziandika kwenye karatasi na kuzibandika ukutani: chumvi, sukari, mchele, mlango, maji, kula.

Kusema nako kuna kazi yake. Katika Kichina cha shuleni, neno "ma" ukilivuta juu ni mama. Ukiishusha sauti kisha ukaipandisha, ni farasi. Ukilitupa chini kwa nguvu, ni kukaripia. Mtu anataka kumsifu mama mzazi, kumbe amesifu farasi. Tena wenyeji wa Guangzhou wana lugha yao ya nyumbani, mbali na ile ya shuleni. Mtoto wetu alizishika zote mbili kabla yetu. Sokoni yeye ndiye aliyekuwa mkalimani.

BIBI WA MLANGO WA PILI

Mlango wa pili alikaa bibi mmoja mjane. Umri wake ulikuwa umepita miaka sabini. Watoto wa jengo lile walimwita "Popo". Kwa lugha yao ni kama kusema "Bibi". Binti yetu naye akawa anamwita hivyo. Mara ya kwanza tulipomsikia akipiga kelele, "Popo! Popo!", tulitazama dari. Tulidhani popo ameingia ndani.

Kila asubuhi Popo alituuliza neno moja. Sisi tulidhani anatuuliza habari za chakula, kwa hiyo tukawa tunamweleza tumekula nini. Baadaye tukajua kwamba ni salamu. Wazee wa kule husalimia kwa kuuliza, "Umekula?" Kama sisi tunavyosema, "Umeamkaje?" Mtu anajibu, "Nimekula," basi, wanapita.

Yeye ndiye aliyempeleka mama sokoni. Na sokoni tulipata furaha. Tulikuta mchicha. Tulikuta matembele yamefungwa mafungu kama ya hapa! Bamia zipo. Viazi vitamu vipo. Kisamvu hatukukiona. Unga wa mahindi tuliupata, lakini wa rangi ya manjano. Tulisonga ugali wetu hivyo hivyo. Popo alipotuona tunakula kwa mkono, alikimbia kwake akatuletea vijiko. Maskini, alidhani hatuna! Siku nyingine alijaribu mwenyewe kumega tonge. Lilimwangukia mapajani. Tulicheka wote.

Nyumba yao wanaivulia viatu. Maji ya kunywa wanayanywa ya moto, hata wakati wa joto kali. Jioni akina bibi hukusanyika uwanjani, wanawasha muziki na kucheza kwa mistari. Ukiwaona utadhani ni ngoma ya kwetu, ila hakuna anayepiga vigelegele.

Jambo moja lilitugusa sana. Tulimpelekea Popo korosho za hapa Newala, zilizoletwa na Mtanzania mmoja aliyekuwa safarini. Korosho kule ni kitu cha heshima, zinauzwa katika vifuko vidogo. Kesho yake alirudisha bakuli letu. Ndani mlikuwa na machungwa manne. Tukatazamana. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Kumbe na kwao ni vivyo hivyo!

JUMAPILI

Sasa habari za kanisa. Wakristo wako Uchina. Katika Guangzhou kuna kanisa kubwa la Kikatoliki lililojengwa kwa mawe matupu, tangu 1863 hadi 1888. Waafrika wengi huenda kusali pale. Sisi ni Waanglikana, watoto wa UMCA, lakini kule Waprotestanti hawagawanyiki kwa majina kama hapa. Wote husali pamoja. Na makanisa yao yaliyoandikishwa yanafuata mambo matatu: kujiongoza wenyewe, kujitegemea kwa fedha, na kuieneza Injili wenyewe. Tuliposikia neno kujitegemea tulitabasamu. Sisi tuliozaliwa katika nchi ya Azimio la Arusha la 1967 neno hilo tumelinyonya pamoja na maziwa.

Lakini upo mpaka. Tangu 1994 Serikali ya Uchina imeweka kanuni kwa wageni. Mgeni aruhusiwa kusali katika nyumba za ibada zilizoandikishwa. Haruhusiwi kuwahubiria wenyeji ili kuwaingiza katika dini yake. Mlangoni tulionyesha pasi zetu za kusafiria. Tuliitii kanuni. Kwa hiyo hatukumhubiria Popo. Tulisali nyumbani kabla ya kula, naye alituona. Alipotuuliza tunasema nini, tulimwambia tunashukuru kwa chakula. Akatikisa kichwa akasema ni jambo zuri.

CHAKULA CHA MAKABURINI

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tulikosea.

Mwezi Aprili, tarehe 4 au 5, Wachina wana siku ya kusafisha makaburi. Ukoo mzima huenda. Wanang'oa majani, wanaosha jiwe la kaburi, wanafukiza ubani, wanaweka chakula. Hata Dar es Salaam, kule Gongo la Mboto, yapo makaburi ya Wachina zaidi ya 60. Wengi wao walifariki wakati wa kujenga reli ya TAZARA, kazi iliyoanza 1970 na kukabidhiwa 1976. Siku hiyo wenzao hwenda kuweka maua.

Katika jimbo lile la Guangdong wanapeleka nguruwe wa kuchoma. Ngozi yake inakauka hata inavunjika kama korosho iliyokaangwa. Wakimaliza ibada yao wanaigawa ile nyama, kila mtu fungu lake.

Aprili 2018 Popo alirudi kutoka makaburini. Alibisha hodi. Mkononi ana sahani: nyama na machungwa. Kwa furaha akatueleza kwamba vilikuwa mbele ya kaburi la mumewe. Sisi tukaogopa. Tulikumbuka mafundisho ya kanisani juu ya vyakula vilivyotolewa kwa wafu na kwa sanamu. Tukasema, "Hapana, hatuwezi." Tulisema hivyo tu. Tulikuwa na maneno machache ya Kichina, na katika hayo machache tulichukua lililo kali kuliko yote. Kisha tukafunga mlango.

Popo alisimama pale nje kwa muda. Tulimsikia. Halafu akaenda zake.

Kesho yake hakutuuliza kama tumekula. Siku ya tatu vile vile. Mtoto akaita, "Popo!" Bibi akamshika kichwa, akapita. Wiki mbili tukaishi hivyo. Ndugu zetu, ugenini wiki mbili bila salamu ya jirani ni siku nyingi sana.

Tukapeleka shauri letu kwa mzee mmoja wa kanisa, Mchina. Yeye mwenyewe alizaliwa katika nyumba yenye desturi hizo. Alisikiliza, kisha akatuuliza swali: "Mlimweleza mnaloweza kufanya, au mlimweleza lile msiloweza tu?" Tukanyamaza. Akasema Mtume Paulo aliulizwa jambo kama hilo na Wakorintho, naye aliwafundisha watazame mambo mawili: dhamiri yao, na mwenzao asije akajikwaa. Sisi tulitazama moja.

Njiani tukakumbuka kwetu. Jambo hili si geni hapa Mnyambe! Hapa ukoo mmoja una Waislamu na Wakristo. Kukiwa na shughuli, ng'ombe au mbuzi anachinjwa na Mwislamu ili wote wale sufuria moja. Hakuna anayeona ameshushwa. Tena mababu zetu walipopokea Ukristo waliuliza: je, jando na unyago tuvitupe? Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, hakuvitupa. Alikaa na mapadre na wazee wa huku, wakaweka jando la Kikristo. Yaliyopingana na imani yakaachwa, na mengine yakabaki. Ilikuwa kazi ya miaka, na mabishano yalikuwapo. Lakini walikaa chini wakazungumza. Sisi tulifunga mlango.

Basi tukachukua korosho zilizobaki tukaenda kubisha hodi. Tulimwambia Popo hivi: "Sisi hatufukizi ubani, wala hatuli chakula kilichowekwa kaburini. Hayo dini yetu haituruhusu. Lakini wafu wetu tunawaheshimu, na makaburi yao tunayafyeka. Mwakani tukiweza kukusaidia kubeba ndoo na fagio, tutakwenda nawe. Na tunakuomba radhi kwa mlango tuliokufungia." Kichina chetu kilikuwa kibovu. Mtoto ndiye aliyetuokoa katika nusu ya maneno.

Popo hakusema kitu. Alichukua korosho. Kesho yake asubuhi akauliza, "Mmekula?"

Mwaka 2019 tulikwenda naye. Tulibeba maji, tuling'oa majani, tuliosha jiwe. Alipowasha ubani tulisimama pembeni tukainamisha vichwa, tukasali kwa namna yetu. Wanawe walitutazama sana, lakini yeye aliwaambia tuachwe. Tuliporudi nyumbani, alituletea sahani ya nyama. Tukaanza kubabaika tena. Akacheka. Asubuhi, kabla ya kwenda makaburini, alikuwa amenunua kipande chetu mbali. Kilibaki jikoni kwake. Hakikufika kaburini.

Tulikula chote. Mwanamke yule hakusoma nyaraka za Paulo, lakini alikuwa ametutafutia njia.

APRILI 2020

Mnakumbuka mwaka ule wa ugonjwa wa korona. Mwezi Aprili wagonjwa kadhaa walionekana miongoni mwa Waafrika wa Guangzhou. Basi Waafrika wote tukawa tunaogopwa. Tulipimwa, hata ambaye hakusafiri. Wengi walifungiwa siku 14. Wengine walitolewa katika nyumba na katika hoteli, wakalala nje. Habari zilienea duniani, na mabalozi wa nchi za Afrika walioko Beijing waliandika barua ya kulalamika. Mwezi Mei serikali ya jimbo lile ilitoa maagizo ya kukataza ubaguzi wa namna hiyo.

Sisi tulipimwa, hatukuwa na ugonjwa. Hata hivyo tuliambiwa tusitoke siku 14. Mwenye nyumba alipiga simu akasema tukimaliza siku hizo tuhame. Jirani wa ngazi ya chini, aliyekuwa akimpa mtoto wetu peremende, alianza kupanda kwa miguu ili asitumie lifti tuliyopita sisi.

Na Popo? Tuseme kweli. Siku tatu za kwanza hakuonekana. Tulimsikia akifunga kufuli mbili. Mtoto alikaa nyuma ya mlango akiita. Hakuna jibu. Tulisema, basi, na yeye pia. Hatukumlaumu. Alikuwa mzee, na ugonjwa ule uliwaua wazee.

Siku ya nne asubuhi tulisikia kitu kikigusa mlango. Tulipofungua kidogo tukaona mfuko umening'inizwa kwenye kitasa. Ndani mlikuwa na matembele, mayai na mchele. Na kipande cha karatasi, kimeandikwa kwa kalamu alama chache. Mtoto hakujua kusoma. Mama akakichukua. Akakisogeza dirishani. Alama ya kwanza: kula. Ya pili: wali. Akakisoma chote mwenyewe, bila kumwuliza mtu:

"Mmekula?"

Mama alilia. Ilikuwa barua ya kwanza aliyoandikiwa kwa Kichina, naye aliweza kuisoma.

Kutoka siku hiyo mfuko uliletwa kila baada ya siku mbili. Sisi tuliandika jibu, "Tumekula," tukalipitisha chini ya mlango. Siku zilipokwisha, Popo alikuwa amekwisha kuzungumza na mwenye nyumba. Hatujui alimwambia nini. Tuliachiwa tukae mpaka masomo yalipomalizika. Mwaka ule ule tukarudi nyumbani.

TULIYOJIFUNZA

Hatukuja kuwaambia kwamba Wachina wote ni wema, au ni wabaya. Katika jengo lile lile palikuwa na mwenye nyumba, na mtu wa ngazi ya chini, na Popo. Hapa Mnyambe vile vile. Kila mmoja wetu anajua ni nani angefungua mlango na ni nani angefunga.

Tumejifunza kwamba mtu aweza kuishika imani yake bila kumwumiza jirani. Inataka maneno, na inataka uvumilivu. Ukimwambia mtu "siwezi", mwambie pia unachoweza. Na ukikosea, rudi ukabishe hodi.

Tumejifunza pia kwamba kisomo si cha kusomea bei ya korosho kwenye mizani tu, ingawa hilo nalo ni kubwa! Kisomo kinamfikishia mtu neno la mwenzake hata mlango ukiwa umefungwa.

Siku hizi wageni wanafika huku kwetu. Wako Wachina, wako wengine wanaotoka ng'ambo ya Ruvuma kwa sababu ya vita vya Cabo Delgado vilivyoanza 2017. Wako hata walimu na wauguzi wanaotoka mikoa ya mbali, hawana ndugu hapa. Wanasimama sokoni kwetu kama sisi tulivyosimama mbele ya mifuko mitatu. Tuwaulize kama wamekula.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mama wa nyumba alikuwa kama mtu asiyejua kusoma? Alifanya nini ili ajifunze?

2. Mume na mke walikosea wapi walipoletewa chakula mwaka 2018? Wewe ungesema nini?

3. Katika kijiji chako, Waislamu na Wakristo wanapatanaje katika mambo ya chakula na misiba?

4. Mtaje mgeni mmoja anayeishi karibu nawe. Je, umewahi kubisha hodi kwake?

5. Andika barua fupi ya sentensi tatu kwa jirani yako aliye mgonjwa.